Sindano Laini, Mkono Mzito

Chanzuru, Kilosa
9 Februari 2025

Mpwa wangu Letisia,

Sisi huku ni wazima. Mke wangu Natalia anakusalimu. Goti lake la kushoto bado linamsumbua akipanda kwenda kanisani, lakini akishafika hakosi kuimba. Mahindi yamesimama vizuri, ila ngedere wameyaona kabla yetu. Mzigo wako Mudi dereva alinikabidhi mkononi Jumatano, haujafunguliwa na mtu, namshukuru.

Sasa jambo lenyewe, na sitazunguka. Kichwa cha sindano ulichoninunulia ni cha hovyo.

Unajua sindano yangu ya zamani ilikwisha. Unajua pia kwamba ile santuri ya kwaya yetu ya mwaka 1979, ambamo marehemu mama yako Angela anaimba wimbo mmoja peke yake, ndiyo nakala pekee iliyobaki, na kwamba tarehe 29 Juni kanisa linafanya jubilei na wanataka ipigwe mbele ya watu. Basi nikafunga hicho kichwa chako kwenye mkono wa mashine, nikateremsha sindano kwenye santuri. Mkono ukaanza kutikisika kama mtu mwenye homa. Karatasi ya spika ikawa inaingia na kutoka, inaingia na kutoka. Kwenye wimbo wa tatu sindano ikaruka kabisa. Wimbo wa tatu ndio wa mama yako!

Naye Goodluck, mwenyekiti wa kwaya, amepata cha kusema. Amenunua kimashine cha kubebea, kama sanduku la vipodozi, na sindano yake inakandamiza santuri kama jembe. Juzi alinifuata hapa nyumbani. "Mzee Damiano," anasema, "tupe santuri tuipige sisi. Mashine yako imezeeka, na wewe pumzika." Nipumzike! Mimi niliyetengeneza redio za Kilosa nzima yeye hajazaliwa!

Waandikie waliokuuzia kitu hiki, uwaambie wametuuzia uchafu. Wala usinipigie simu, niandikie. Maneno ya simu yanapotea.

Mjomba wako,
Damiano

Mikumi
27 Februari 2025

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Hapa kazini, kwenye loji ya watalii, tumebadilisha betri zote za sola, na tembo wamekata tena waya wa uzio, na kila kinachokatika fundi ni mimi. Mama Natalia mpe pole ya goti, mwambie dawa ya kuchua nitaituma kwa Mudi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniandikia kana kwamba nimekutumia nyanya zilizooza. Mjomba, kichwa kile hakikuokotwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mashine haibahatishwi, kwa hiyo sikubahatisha.

Naomba unifuate taratibu. Sindano imeshikiliwa na kijimpira ndani ya kichwa. Kuna vijimpira laini na vigumu, na ulaini wake una namba yake. Mkono nao una uzito wake, yaani ule uzito ambao sindano inauhisi inapousukuma. Ukiviunganisha, mkono na kijimpira vinapata mtikisiko wao wenyewe, kama ndoo inayoning'inia kwenye mpira. Mtikisiko huo unatakiwa uwe kati ya mara nane na mara kumi na mbili kwa sekunde. Ukishuka chini ya hapo, kila bonde la santuri na kila hatua ya mtu sakafuni itauchezesha mkono. Ukipanda juu ya hapo, unaanza kuingia kwenye muziki wenyewe.

Mkono wako, pamoja na kichwa na skrubu zake, ni gramu ishirini na mbili. Ulaini ulioandikwa kwenye karatasi ya kichwa ni kumi na mbili. Nikazidisha, nikatafuta kipeuo cha pili, nikagawa 159, namba ya kanuni yenyewe, kwa jibu nililopata. Nimepata karibu kumi. Katikati kabisa! Kwa hiyo tatizo haliko kwenye kichwa, liko huko kwako. Je, mashine umeiweka juu ya meza inayocheza? Uzito wa kukandamiza umeupima, au umekadiria kwa kidole?

Na hujaniambia kitu kimoja: sauti ya mama ikoje? Inayumba, au imenyooka? Hilo peke yake lingeniambia mengi. Nilikupigia mara nne, hukupokea. Ungepokea ukaiweka simu karibu na spika, tungemaliza jambo hili siku ile ile.

Mpwa wako,
Letisia

Chanzuru
20 Machi 2025

Letisia,

Marahaba. Natalia ameipata dawa ya goti na anakuombea. Mvua imekata njia ya Tindiga, watu wanavuka kwa miguu na baiskeli mabegani. Mpunga wao umelala majini.

Nimekaa siku tatu kabla ya kujibu, ili nisiandike maneno ya hasira. Zimepita, na hasira bado ipo.

Unaniuliza kama meza inacheza! Mashine iko juu ya saruji niliyoimwaga kwa mikono yangu. Uzito wa kukandamiza nimeupima kwa mizani ile ile niliyokufundishia. Kwa kidole unakadiria wewe na hesabu zako za kwenye simu.

Hebu nikueleze ninachokiona, maana naona kwamba karatasi unaiamini kuliko mtu. Santuri ina bonde dogo upande mmoja. Kila bonde likipita, mkono unazama, unainuka, halafu unaendelea kupepea wenyewe, haraka kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikanyunyiza unga wa sembe kwenye karatasi ya spika. Hata pale kati ya nyimbo, ambapo hakuna anayeimba, unga unaruka. Karatasi inapumua kama kifua cha mtu aliyekimbia. Kwenye sindano ya zamani haikuwa hivyo. Karatasi ilikuwa inatulia.

Nimegandisha nati ya shaba juu ya kichwa ili mkono usiruke. Haukuruka tena, ila kupepea kumezidi.

Goodluck amekuja na wazee wawili wa kamati. Wameamua kwamba tarehe 14 Juni mashine yangu itajaribiwa mbele yao. Ikiruka hata mara moja, santuri inakwenda kwenye sanduku lake la vipodozi. Nikawaambia, "Santuri hii mliniachia mimi tangu enzi za mchungaji wa zamani." Goodluck akawageukia wenzake, akasema maneno ambayo sikuyapenda, wakacheka. Kwenye nyumba yangu!

Simu sitapokea. Nimeshasema.

Damiano

Mikumi
11 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo. Mimi mzima. Natumaini Mama Natalia hajambo.

Toa nati hiyo leo. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma! Mkono tayari unatikisika, wewe unauongezea uzito, halafu unashangaa kwamba kupepea kumezidi? Na uzito huo wote unashuka kwenye ncha ya sindano. Unamlima mama yangu, Mjomba. Kila ukiipiga santuri hiyo unamkwangua, na hakuna mwingine.

Nimekuuliza sauti ikoje. Umenijibu unga, bonde, karatasi. Sikukuuliza unga. Mama alifariki nikiwa na miaka saba, na santuri hiyo mara ya mwisho niliisikia nikiwa mtoto, nimekaa chini ya benchi lako la kutengenezea redio pale stesheni. Nina haki ya kuambiwa kama sauti yake bado ipo. Au hilo nalo si la mwanamke?

Ndiyo, nimeliandika, na sitalifuta. Miaka mitano nimelinyamazia. Nilikaa kwenye benchi hilo miaka minane. Nilijua kila kiungo cha redio kabla ya kujua kupika ugali. Halafu mwaka 2020, kwenye kikao cha ukoo, ukasimama ukasema karakana ya stesheni haiwezi kuachiwa mwanamke. Wajomba wote wakatikisa vichwa kukubali. Hukunitazama. Wiki iliyofuata ukampangishia muuza makava ya simu. Makava ya simu, Mjomba!

Kila mwaka Mama Natalia ananiuliza kwa nini siji Kilosa. Kila mwaka namwambia kazi ni nyingi. Sasa unajua.

Toa nati.

Letisia

Mikumi
16 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Wiki tano zimepita na hujajibu. Mudi anasema alikuona ukimwagilia mchicha, kwa hiyo najua u mzima. Nina mambo mawili ya kukuandikia, na yote mawili ni magumu kwangu.

La kwanza: nilikosea mimi. Nilikaa na karatasi ya kichwa kile, nikaigeuza. Nyuma kuna maandishi madogo ya Kijapani ambayo sikuwa nimeyahangaikia. Nikayapiga picha, simu ikayatafsiri. Ulaini ule wa kumi na mbili ulipimwa kwa mtikisiko wa mara mia moja kwa sekunde. Hesabu yangu inahitaji uliopimwa kwa mara kumi. Kijimpira hicho hicho kikitikiswa polepole kinakuwa laini karibu mara mbili. Nikarudia hesabu kwa namba ya kweli, nikapata saba. Chini ya nane. Ni vile vile ulivyoniambia Machi: bonde linapita, mkono unapepea. Kichwa chenyewe ni kizima, ila ni cha mkono mwepesi, na mkono wako ni mzito. Nilikuletea sindano isiyokufaa, kisha nikakutukana kwa kuliona kosa langu. Nisamehe.

Nimempata fundi mmoja Morogoro mwenye kichwa cha zamani, kigumu, cha mashine za kituo cha redio, na sindano yake ni mpya. Safari hii nimepiga hesabu mara tatu, na nimeuliza ulaini ulipimwa kwa mtikisiko gani. Inakuja kumi na kidogo. Kimo ndani ya kopo la maziwa ambalo Mudi amekukabidhi pamoja na barua hii.

La pili. Nilizisoma upya barua zako ili nione ni wapi nilipokudharau. Umeandika "naona". Umeandika "inapumua", "unga unaruka", "wakacheka". Hakuna mahali ulipoandika "nimesikia". Hata mara moja. Simu hupokei. Sauti ya mama hunielezi. Maneno aliyosema Goodluck mbele ya wazee hukuyaandika, na wewe ni mtu wa kuandika kila neno la adui yako.

Mjomba, unasikia?

Letisia

Chanzuru
2 Juni 2025

Letisia,

Marahaba. Natalia hajambo. Kopo limefika.

Ndiyo. Sisikii. Umeridhika?

Sikio la kushoto lilikwenda mwaka 2017. La kulia likalifuata taratibu, kama mtu anayeondoka shughulini bila kuaga. Natalia anajua kwa sababu naishi naye, ndiye aliyeniandikia yale maneno ya Goodluck ya Februari, na nimemkataza kusema. Watu wengine wananiona mzee mwenye kiburi asiyejibu salamu. Bora hivyo.

Sasa nikuambie ya karakana. Mwaka ule wa 2020 alikuja mama mmoja wa Tindiga anaitwa Jenipher, na redio ya mume wake. Nikaifungua, nikabadilisha vitu, nikampa. Akairudisha. Nikampa tena, akairudisha tena. Mara ya tatu aliiweka mezani akaiwasha, akanitazama. Nikamwambia, "Iko safi, mama." Waliokuwa kwenye baraza wakacheka mpaka wakashika matumbo. Kumbe ilikuwa inanguruma tu, haina stesheni hata moja. Niliona midomo ya Jenipher ikisema pole. Aliniambia pole mimi, fundi!

Ubovu wa redio hauonekani kwa macho, Letisia, unasikika. Nikajua nimekwisha. Na ningekuachia wewe benchi, ningekuwa naketi pembeni yako kila siku, na siku ya kwanza tu ungejua. Sikutaka ujue. Nikasema lile neno la mwanamke kwa sababu ndilo ambalo wajomba zako walikuwa tayari kuliamini bila kuuliza swali la pili. Halikuwa kweli. Wewe ulikuwa fundi kunishinda ulipofika miaka kumi na tisa. Nikaona heri unichukie kuliko unionee huruma. Yalikuwa maamuzi ya mpumbavu, na yamekugharimu wewe.

Nati niliitoa siku ile ile, kabla sijamaliza kusoma, kama ulivyoagiza. Sikujibu kwa sababu ya aibu, si kwa sababu ya hasira. Ingawa hasira nayo ilikuwepo.

Kichwa kigumu nimekifunga leo. Bonde linapita, mkono unazama, unainuka, unatulia. Nimenyunyiza unga. Kati ya nyimbo umelala. Wimbo wa tatu ulipofika niliweka kiganja kwenye sanduku la spika, kama ninavyofanya siku zote, na nikamjua ni Angela.

Hukukosea kunikasirikia, ila kipeuo cha pili uwe unakipiga baada ya kusoma karatasi pande zote mbili.

Mjomba wako

Chanzuru
17 Juni 2025

Mpwa wangu,

Natalia anasema usipokuja jubilei atapanda basi kuja kukuchukua, na goti lake litakuwa juu yako.

Jaribio limekwisha. Kamati ilikuja Jumamosi, watu sita, na bibi Yunis akaletwa kwa pikipiki kwa sababu ndiye pekee aliyebaki katika wanawake walioimba siku ile ya kurekodi. Goodluck alikaa karibu na mashine, akiwa amekunja mikono. Nikateremsha sindano. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Ndipo Goodluck akainuka, akatembea hadi kando ya mashine, akapiga mguu sakafuni. Kwa makusudi! Mtu mzima, mwenyekiti wa kwaya ya kanisa! Akapiga tena. Mkono haukutingishika.

Nikamwambia, "Ukitaka kucheza ngoma, nje kuna uwanja."

Alinijibu, lakini sikujua amesema nini, na safari hii niliwaambia. Nilisimama mbele yao wote nikasema, "Nina miaka minane sisikii. Mwenye neno aniandikie." Hakuna aliyecheka. Goodluck alitazama viatu vyake, kisha akachukua daftari la kamati akaandika: "Samahani, mzee. Nilidhani unatudharau." Karatasi ninayo.

Wakati huo huo Yunis akasimama na fimbo yake, akaziba mdomo kwa kiganja. Nikajua Angela ameanza.

Sasa nina ombi. Siku ya jubilei nitakaa mbele na nitaona nyuso za watu. Nyuso hazitoshi. Mara ya mwisho kumpata dada yangu kwa masikio ni zaidi ya miaka kumi iliyopita, na naanza kusahau. Sikiliza kama nilivyokufundisha kusikiliza redio mbovu, usiruke kitu. Kisha uniandikie.

Damiano

Mikumi
6 Julai 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimefika salama. Asanteni kwa kuku, na mwambie Mama Natalia uji wake umenirudisha utotoni. Tangu nirudi nimejaribu kuandika barua hii kila jioni.

Mwanzo wa wimbo wa tatu kuna mkwaruzo mwepesi, kama mtu anayepeta mchele chumba cha pili. Halafu mtu mmoja anakohoa, mwanamume, na jogoo anawika nje, mbali. Nadhani madirisha ya kanisa yalikuwa wazi. Kwaya inaimba ubeti wa kwanza wote pamoja. Kisha wananyamaza, na anaanza yeye.

Sauti yake ni nzito kuliko nilivyoikumbuka. Nilidhani ni nyembamba, ya kike kike. Kumbe inatoka kifuani, kama mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya shamba na anajua ataitikiwa. Haiyumbi popote. Kabla ya kila mstari anavuta pumzi, na pumzi hiyo inasikika. Hapo ndipo nilipolia, samahani, kwenye pumzi, si kwenye maneno. Mwisho wa mistari haikati sauti, anaiacha ipungue yenyewe.

Kuna sehemu moja yenye mkwaruzo mkubwa, nafikiri ni kazi ya ile nati. Inapita upesi, na maneno yote yanasikika. Kwenye ubeti wa tatu anatangulia kidogo. Anaingia kabla ya sauti za besi, kama nusu pumzi hivi, halafu wanamfikia na wanaendelea pamoja hadi mwisho. Kosa dogo, na mimi nililipenda.

Nimekuandikisha kwa daktari wa masikio Morogoro, tarehe 24. Najua unachotaka kusema. Usikiseme. Nitakuwa stendi ya Msamvu saa tatu asubuhi.

Mpwa wako,
Letisia

Chanzuru
12 Julai 2025

Letisia mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Morogoro nitakwenda, usinipigie kelele. Muuza makava nimempa barua ya kuhama, mwisho wa mwezi wa nane benchi litakuwa wazi. Ukilitaka ni lako, na nitawaandikia wajomba zako wote kwa mkono wangu nieleze kwa nini nilidanganya. Usipolitaka, nitawaandikia vile vile.

Barua yako naisoma kila siku, na Natalia anasema nitaitoboa. Lakini kuna neno moja humo ambalo siwezi kulinyamazia, nami nimekasirika kweli kweli.

Umeandika kwamba mama yako alitangulia. Hakutangulia! Angela aliingia pale pale alipotakiwa kuingia. Waliochelewa ni besi. Tulikuwa wanaume watano, na mimi nilikuwa nakodolea macho mashine ya kurekodia badala ya kumtazama mwalimu, na wenzangu walikuwa wananifuata mimi.

Lifute neno hilo, uniandikie upya.

Mjomba wako,
Damiano